Kwa Baiskeli ya Changarawe Katika Bonde la Mto Pangani: Mwongozo Kamili wa Safari ya Korogwe Hadi Baharini

Baiskeli ya changarawe hufanana na ile ya mashindano ya lami kwa usukani wake uliopinda na fremu yake nyepesi, lakini ina nafasi ya tairi pana, gia laini za kupandia milima na breki zinazoaminika kwenye vumbi. Umaarufu wake ulianzia Marekani, hasa katika mbio ndefu za mji wa Emporia, Kansas, zilizoanzishwa mwaka 2006; na tangu mwaka 2021, yalipoanza mashindano ya Migration Gravel Race huko Maasai Mara, waendeshaji wa Afrika Mashariki nao wamekuwa wakiutazama mchezo huu kama jambo linalowahusu. Mwongozo huu, hata hivyo, hauhusu mashindano. Unahusu safari ya siku mbili katika ukanda wa chini wa bonde la Mto Pangani, mkoani Tanga nchini Tanzania, kutoka Korogwe kupitia Mnyuzi, Hale na Muheza hadi mji wa Pangani, kwa kutumia njia za mashamba na za vijiji badala ya lami.

Kanuni ninayoishikilia katika maelezo yote yanayofuata ni kwamba kila njia ya shamba ina kazi iliyoizaa, na anayeifahamu kazi hiyo hujua hali ya njia kabla ya kuikanyaga. Njia ya trekta, njia ya bodaboda, njia ya wateka maji na njia ya ng'ombe huonekana kuwa sawa kwenye ramani ya simu, ilhali chini ya tairi ni vitu vinne tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: kulifahamu bonde

Mto Pangani una urefu wa takriban kilomita 500. Hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka chini ya milima ya Upare na Usambara hadi Korogwe na Hale, na hatimaye huingia Bahari ya Hindi katika mji uliouazima jina lake. Katika ukanda wa chini maji yake huendesha mitambo ya umeme, ukiwemo wa Hale wa mwaka 1964 na ule wa New Pangani Falls wa mwaka 1995 wenye uwezo wa megawati 68. Kwa msafiri, mitambo hiyo ina maana moja ya moja kwa moja: kuna maeneo ya mto yenye uzio na ulinzi ambayo hayapitiki, na chini ya mabwawa kina cha maji kinaweza kubadilika bila mvua kunyesha pale ulipo. Usiache baiskeli wala mizigo kwenye kingo za mchanga chini ya bwawa, hata kama panaonekana pakavu.

Ni vizuri pia kuondoa dhana ya kwamba safari ya bondeni ni kuendesha ukiwa unayatazama maji wakati wote. Kingo zenyewe zina mashamba ya mpunga na mahindi, matete, na mifereji inayobomolewa na mafuriko. Njia za kudumu hupita juu zaidi, kwenye miinuko myepesi ambako wajenzi wa zamani walijua kwamba maji hayafiki. Utauona mto mara chache, kwenye madaraja na kwenye mapengo ya miti, na mara nyingi utautambua tu kwa mstari wa miti mirefu ya kijani upande wako wa kulia.

Njia nyingi utakazozipitia zimetokana na mkonge. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida; ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli iliyojengwa kutoka Tanga nayo ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kufikia mwaka 1964 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mashamba yaligawanywa katika vitalu vikubwa vilivyozungukwa na njia zilizonyooka, ili majani yaliyokatwa yasombwe haraka hadi korona, yaani kiwanda cha kuchakatia. Uzalishaji ulipoanguka, baadhi ya vitalu viligeuka vichaka na njia zake zikafa. Ndiyo maana ramani yenye mistari mizuri ya mraba haitoshi kama ushahidi. Kitalu kinachovunwa kina njia ngumu iliyoshindiliwa na matrekta, na kitalu kilichotelekezwa kina nyasi zinazofika kifuani na miiba ndani yake.

Hatua ya pili: kuchagua majira na saa

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati mzuri kuliko wote ni kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, ambapo udongo umekauka lakini haujawa unga, na joto la mchana linavumilika. Januari na Februari pia ni pakavu, ila joto lake ni kali kiasi kwamba asiyeanza alfajiri huishia kulala chini ya mwembe hadi alasiri.

Kipindi cha Juni hadi Septemba kina gharama yake, nayo ni upepo wa kusi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, yaani usoni kwa mtu anayeshuka kuelekea baharini, na huongezeka nguvu kadiri jua linavyopanda. Kwa sababu hiyo, panga kilomita nyingi za siku ziishe kabla ya saa sita mchana. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwanga wa saa kumi na mbili unatosha kuondokea mjini, na saa kumi jioni unapaswa uwe umekwisha kujua utakapolala.

Hatua ya tatu: baiskeli

Hapa ninatofautiana na matangazo. Baiskeli mpya ya changarawe yenye mfumo wa umeme wa kubadilishia gia ni chombo kizuri sana mahali ambapo duka la vipuri liko saa moja kutoka ulipo. Kwa bonde hili, baiskeli ya mtumba ya milimani yenye gurudumu la inchi 26, uma wa mbele usio na springi na breki za waya ni chaguo lenye busara zaidi kwa mtu anayeanza, kwa kuwa tyubu, vitambaa vya breki, spoki na cheni zake hupatikana kwa mafundi wa miji yote midogo ya njiani. Mwenye baiskeli ya changarawe halisi asiiache nyumbani, lakini aelewe kwamba vipuri vyake vyote atavibeba mwenyewe.

Gia ndogo kabisa inapaswa kukaribia uwiano wa moja kwa moja, kwa mfano meno 34 mbele na meno 34 nyuma. Ingawa kutoka Korogwe, iliyo karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, hadi Pangani unashuka kwa jumla, mteremko huo haukukatwa kwa rula: njia hupanda na kushuka kila inapovuka korongo, na miguu huhesabu zile za kupanda tu. Kwa upande wa breki, diski za waya ni bora kuliko za mafuta katika safari kama hii, kwani waya uliokatika hubadilishwa na fundi yeyote mwenye koleo, na mfumo wa mafuta uliovuja hauwezi kutengenezwa chini ya mti.

Ondoa madigadi ikiwa kuna uwezekano wa mvua. Udongo mweusi ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kabisa.

Hatua ya nne: tairi, tyubu na upepo

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama safari itakuwa ya raha au ya kusukuma, hivyo inastahili muda mwingi kuliko zote.

Anza na ukubwa. Baiskeli nyingi za changarawe zina ringi za 700C, ambazo kipenyo chake cha kukalia tairi ni milimita 622. Baiskeli za kubebea mizigo tulizozizoea vijijini, za aina ya Phoenix, hutumia inchi 28 kwa 1½, ambazo kipenyo chake ni milimita 635. Tofauti hiyo ya milimita 13 inatosha kufanya tairi ya Phoenix ilegee na kuchomoka kwenye ringi ya 700C, kwa hiyo usimkubalie fundi anayekwambia kwamba itakaa. Tyubu ni jambo lingine: mpira wake hunyumbuka, na tyubu ya 28 kwa 1½ hufanya kazi vizuri ndani ya tairi ya 700C yenye upana wa milimita 40. Inchi 26 za milimani zina milimita 559 na hazina utata.

Kikwazo cha pili ni vali. Tyubu za kisasa huwa na vali nyembamba ya Presta, na tundu la ringi yake huwa na milimita 6.5 hivi. Tyubu za madukani vijijini huwa na vali ya Dunlop au vali nene kama ya gari, na zote mbili huhitaji tundu la milimita 8. Msafiri anaweza kuipata tyubu ya ukubwa unaofaa, akaishika mkononi, akashindwa kuiingiza kwa sababu ya milimita moja na nusu. Kama ringi zako ni pana na imara, mpelekee fundi mzuri kabla ya safari azitoboe hadi milimita 8 na kulainisha kingo za tundu. Kipete kidogo cha plastiki au mpira kitaziba nafasi inapotumika Presta. Kama hutaki kugusa ringi, beba tyubu zako zisizopungua tatu. Katika hali zote mbili beba adapta ndogo ya shaba inayoigeuza Presta iwe na umbo la vali ya gari, ili uweze kutumia kompresa ya mafundi wa bodaboda. Kompresa hiyo imeundwa kwa matairi ya pikipiki na magari, na hujaza tairi ya baiskeli kwa sekunde chache. Mwambie fundi aachie kidogo kidogo huku wewe ukibonyeza tairi kwa kidole.

Upana unaofaa ni milimita 45 kwa 700C, au inchi 2 kwa gurudumu la 26. Chini ya milimita 40 mchanga wa makorongo utakushusha kila mara. Chagua tairi yenye meno madogo katikati na makubwa kidogo pembeni, yenye kitambaa kinene mbavuni, kwa sababu miiba ya hapa haichagui pa kuchoma. Kuna miiba ya migunga, kuna mbigili wanaotambaa kando ya njia, na kuna ncha za majani ya mkonge, ambazo wakataji huzipunguza kwa panga na kuziacha zimelala pembeni. Mahali ambapo uvunaji unaendelea, pita katikati ya alama za trekta.

Tairi za tyubulesi, yaani zisizotumia tyubu, zenye maji ya gundi ndani huziba zenyewe matundu mengi ya mbigili, na kwa mwenye ringi zinazokubali mfumo huo ninazipendekeza. Lakini gundi hiyo hukauka haraka katika joto la pwani, kwa hiyo iongeze upya siku chache kabla ya kuondoka hata kama uliiweka miezi miwili iliyopita, na bado beba tyubu.

Kuhusu upepo, mtu wa kilo 70 mwenye mzigo mwepesi na tairi za milimita 45 zenye tyubu aanze na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 35 mbele na 40 nyuma. Mwenye tyubulesi apunguze psi 5 hadi 7. Asiye na kipimo aketi juu ya baiskeli huku mwenzake akitazama tairi ya nyuma: inapaswa kutanuka kidogo inapogusa ardhi, bila kubonyea. Upepo ukizidi, kila jiwe litahamia kwenye viganja vyako, na tairi itateleza juu ya changarawe badala ya kuishika. Ukipungua mno, jiwe litaibana tyubu dhidi ya ringi na kuacha matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu ya namna hiyo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Hatua ya tano: vifaa vya matengenezo

Beba pampu ya mkono, viraka na solusheni, vipande viwili vya plastiki vya kutolea tairi, spana za pembe sita zinazolingana na boliti zako, kikata cheni na viunganishi viwili vya cheni, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, spoki tatu za urefu wako, chupa ndogo ya oili na kitambaa. Kwa baiskeli yenye gia za nje, ongeza kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kila modeli ina umbo lake, hupinda baiskeli inapoangukia upande wa kulia, na hakuna fundi wa kijijini atakayekuwa nacho. Kipande cha tairi kuukuu chenye ukubwa wa nusu kiganja kitawekwa ndani ya tairi iliyochanika ili tyubu isichomoze. Mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka tyubu mbovu hufunga mizigo vizuri kuliko kamba nyingi za dukani.

Mzigo uwe chini ya kilo 8 na ukae chini na katikati ya fremu kadiri inavyowezekana. Keria ya nyuma inafaa, mradi boliti zake zikazwe kila asubuhi, kwa sababu mitikisiko huzilegeza kimyakimya.

Hatua ya sita: kuchora njia

Fungua picha za setilaiti, kwa mfano kwenye Google Earth, na uzilinganishe na ramani ya OpenStreetMap kupitia programu kama Organic Maps au OsmAnd, ambazo hufanya kazi bila intaneti ukishapakua eneo lako. Weka alama tano za lazima: Korogwe, Mnyuzi, Hale, Muheza na Pangani. Kisha unganisha alama hizo kwa vipande, na kwa kila kipande jiulize nani anakitumia.

Njia iliyo nyeupe na pana kwenye picha, yenye nyumba pembeni kila baada ya umbali mfupi, ni ya kijiji, na huenda inasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Hiyo itakuwa na moramu, makalavati na bodaboda, na hupitika hata baada ya mvua nyepesi. Mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe mraba ni ya mkonge. Itazame picha uone kama mistari ya mimea ni safi au imemezwa na vichaka. Mstari mwembamba unaopindapinda kutoka kwenye nyumba hadi mtoni ni wa wateka maji na mifugo, huishia majini, na haukufikishi popote. Mstari unaofuata reli unavutia mno machoni, lakini reli ya Tanga ilifufuliwa na inapitisha treni. Usiendeshe juu ya kokoto za reli wala kwenye madaraja yake. Njia ya miguu iliyo kando yake itumie pale tu unapowaona wenyeji wakiitumia.

Kwa njia ya reli, Korogwe iko kilomita 84 kutoka Tanga na Muheza kilomita 40, hivyo kati yao kuna kilomita 44. Njia za mashamba huzunguka vitalu, na Hale iko nje kidogo ya mstari huo, kwa hiyo tenga kilomita 60 hadi 70 kwa siku ya kwanza. Muheza hadi Pangani ni kama kilomita 45. Anayezoea kwenda kilomita 25 kwa saa kwenye lami ahesabu 13 hadi 15 huku, pamoja na mapumziko.

Kila kilomita 15 hivi weka njia ya kutokea, yaani mahali unapoweza kuiacha njia ya shamba na kuifikia barabara kuu au kituo cha bodaboda. Nakili mstari wote kwenye karatasi pia. Simu huzima, na pawabenki husahaulika chaji.

Hatua ya saba: ruhusa, salamu na namna ya kuuliza

Mashamba ya mkonge ni mali ya kampuni au ya vyama vya wakulima, na njia zake si barabara za umma. Fika ofisi ya shamba au kwa mlinzi wa getini, shuka kwenye baiskeli kabla hujamfikia, na useme unatoka wapi na unakwenda wapi. Kwa mzee, shikamoo hutangulia swali lolote; kwa watu walio kazini, "poleni na kazi" hufungua mazungumzo kuliko maelezo marefu. Usiwapige picha wakataji wala mitambo bila kuomba. Ukinyimwa ruhusa, shukuru na uzunguke kwa barabara ya kijiji, kwa sababu mlinzi ana mwajiri wake na hukuja kumhojia kazi yake. Mahali unapotaka kulala nje ya mji, onana kwanza na mwenyekiti au mtendaji wa kijiji.

Kuuliza njia kunahitaji ustadi wake. Ukimuuliza mtu "barabara ni nzuri?" atakujibu "inapitika", kwa kuwa ni uungwana kumtia moyo msafiri. Maswali yenye faida ni yale yanayohusu kazi ya njia: bodaboda zinapita huku? Trekta limepita wiki hii? Korongoni maji yanafika wapi, kwenye kifundo au gotini? Wewe mwenyewe umepita lini? Uliza watu wawili walio mbali na wenzao, na jibu la dereva wa bodaboda lipe uzito zaidi, maana yeye hulipia kila shimo kwa mfuko wake. Maneno "si mbali" usiyageuze kuwa kilomita.

Hatua ya nane: kuendesha

Kwenye moramu kavu yenye changarawe iliyolegea, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Breki ya mbele itumike kwa upole wakati gurudumu limenyooka, na macho yatazame mita 10 hadi 15 mbele, kwa kuwa baiskeli huelekea pale unapotazama. Shika usukani bila kuukaba. Kwenye vijituta vya mfululizo vinavyotengenezwa na magari, inuka kidogo kutoka kwenye kiti, legeza viwiko, na utafute ukanda mwembamba uliolainishwa na baiskeli za wenyeji, ambao mara nyingi uko ukingoni kabisa.

Mchanga wa makorongo makavu huvukwa kwa mwendo uliouleta, kwa hiyo badili gia kuwa nyepesi kabla hujaingia, sogeza uzito nyuma, endelea kukanyaga bila kusita na usikate usukani. Ukikwama, shuka na usukume; hakuna aibu, na kukanyaga kwa nguvu hapo kunachimba shimo tu.

Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, lakini mvua ya nusu saa huugeuza kuwa gundi inayong'oa hata viatu. Ukiiona mvua inakuja na mbele yako ni udongo mweusi, simama mahali penye udongo mwekundu na usubiri, au rudi ulikotoka. Ukinaswa katikati, beba baiskeli begani hadi kwenye majani, kwani kuisukuma kutavunja kibadilisha gia. Kijiti kigumu cha kukwangulia matope kifungwe kwenye fremu tangu asubuhi.

Maji yanayotiririka juu ya magoti, au yale ambayo huoni chini yake, usiyavuke. Ng'ombe wapishwe kwa kusimama upande ambao mchungaji anakuelekeza. Na unapolazimika kuingia barabara kuu ya Segera hadi Tanga, ambayo ina mabasi na malori yaendayo kasi, kaa kushoto kabisa, vaa rangi inayong'aa, na utoke humo mapema iwezekanavyo.

Maji, chakula na afya

Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na anza kila kipande ukiwa na lita tatu. Maji ya chupa hupatikana katika miji yote mitano, ila kati yake usitegemee. Maji ya mto hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kutiwa dawa, na hayafai kuogwa: kuna mamba na viboko katika Mto Pangani, na katika maji yaliyotulia kuna hatari ya kichocho. Beba pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya mbu na neti kama hutalala nyumba ya wageni. Hospitali kubwa za njiani ni Magunga iliyo Korogwe na Teule iliyo Muheza. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Chakula hakina shida. Chapati na chai ya rangi alfajiri, ndizi mfukoni, wali na maharage mchana. Muheza ni nchi ya machungwa, na msimu wake mkubwa huangukia miezi hiyohiyo ya kiangazi unayosafiri. Sijaona kinywaji cha wanamichezo cha dukani kinachoyashinda yakiliwa na chumvi kidogo.

Hatua ya tisa: mpangilio wa siku mbili

Lala Korogwe, na jioni hiyo thibitisha ruhusa ya mashamba unayokusudia kupita. Siku ya kwanza ondoka saa kumi na mbili asubuhi ukifuata upande wa kaskazini wa mto kuelekea Mnyuzi, na ufanye mapumziko ya kwanza hapo. Mnyuzi ni makutano ya reli ya Tanga na ile inayokwenda Ruvu, na ni mahali pazuri pa kuuliza hali ya vitalu vilivyo mbele. Kutoka hapo shuka Hale kwa njia za mkonge ikiwa ni kavu, au kwa barabara ya kijiji ikiwa kuna dalili ya mvua. Kula Hale, pumzika hadi jua lipoe, na umalizie Muheza alasiri. Kipande cha Hale hadi Muheza ndicho chenye vishawishi vingi vya kupotea, kwa kuwa vitalu hufanana. Kila unapogeuka kwenye kona ya kitalu, hakikisha milima ya Usambara ya Mashariki bado iko upande wako wa kushoto.

Siku ya pili ni fupi lakini yenye vilima vingi, na kusi litakuwa usoni. Ondoka Muheza mapema vilevile, chukua barabara ya Pangani, na utumie njia za pembeni zinazopita katikati ya michungwa na minazi pale tu zinaporudi kwenye barabara hiyohiyo baada ya kilomita chache. Hewa ikianza kuwa nzito na minazi ikizidi miti mingine, umebakiza saa moja au pungufu. Mji wa Pangani uko ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto, na Bweni iko ng'ambo.

Usiingize baiskeli kwenye mchanga wa ufukweni. Chumvi huanza kula cheni na beringi usiku huohuo. Ioshe kwa maji baridi bila kuelekeza mkondo wa maji kwenye habu, ikaushe kwa kitambaa, iache juani nusu saa, ndipo utie oili tone moja kwa kila pingili na kufuta iliyozidi. Kwa kurudi, mabasi ya Tanga huondoka Pangani kila siku, umbali wa kama kilomita 50, na kutoka Tanga kuna mabasi ya Dar es Salaam na ya Arusha yanayopita Segera. Kubaliana na kondakta nauli ya mzigo kabla baiskeli haijapandishwa, fungua pedeli, geuza usukani uwe sambamba na fremu, na uilaze juu ya mizigo mingine upande wa gia ukitazama juu.